Mizunguko Miwili kwa Sekunde

Mkono wa kulia wa Saverio Pennella ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, na ndio uliomlisha tangu ashuke melini Amerika. Miaka kumi na minane alizunguka mitaa ya New York na kinanda cha kuzungusha kwa mpini, kima begani, akipiga nyimbo nane zilezile hadi watoto wa mtaa wa Mulberry wakawa wanaziota usiku. Watu waliidharau kazi hiyo, lakini si kila mtu anaiweza. Ukizungusha haraka wimbo unakimbia, ukizembea unalia kama mgonjwa. Mkono lazima uende sawasawa, iwe mvua iwe jua, uwe umeshiba au una njaa. Saverio alikuwa mtu wa Viggiano, mji wa milimani kusini mwa Italia ambako karibu kila nyumba imetoa mpiga muziki wa barabarani, na hata huko kwao walimsifu kwa mkono.

Siku aliyoona picha zinazotembea kwa mara ya kwanza, alikuwa amejikinga mvua katika duka moja la barabara ya Kumi na Nne. Ukutani walikuwa wametundika shuka jeupe. Kwenye shuka akatokea mwanamke anaanika nguo, basi, hakuna la zaidi. Kisha upepo ukavuma, nguo zikapanda juu, mwanamke akacheka akazishika. Saverio alibaki ameduwaa. Upepo ule ulikuwa umekwisha kuvuma zamani, uani kwa watu asiowajua, na bado ulikuwa unavuma pale dukani mbele ya watu waliolowa. Alikwenda kuchungulia nyuma ya shuka, akakuta ukuta. Alipogeuka, akamwona mtu amesimama nyuma ya viti, anazungusha mpini. Tangu siku hiyo kinanda hakikumkaa tena moyoni.

Kufikia mwaka wa 1910 alikuwa mpiga picha wa kampuni ya Bwana Haverkamp, huko Fort Lee, ng'ambo ya mto Hudson. Kamera yake ilikuwa kasha la mbao juu ya miguu mitatu, lisilo na umeme wala springi. Uhai wake wote ulitoka mkononi mwa mtu. Mizunguko miwili kwa sekunde, hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Saverio aliihesabu kwa wimbo wa maandamano ya Bikira wa kwao, akiuimba kifuani bila kufungua mdomo. Maseremala wa studio, waliojua alikotokea, hawakumpa nafasi ya kupumua.

"Mzee wa kinanda! Kima wako leo umemwacha wapi?"

"Kapata kazi ya useremala," alijibu Saverio bila kuinua macho. "Wanasema misumari yake haipindi kama yenu."

Sasa, mpini ule una hesabu ya kinyume, na ndiyo iliyomponza. Ukiuzungusha kwa kasi, picha nyingi zaidi huingia kwenye filamu, na siku ya maonyesho watu wanaonekana wakienda taratibu. Ukizungusha polepole, wanakimbia kama kuku. Mwezi wa nne, walipopiga picha ya farasi wanaofukuzana, moyo wa Saverio uliruka na mkono ukaufuata. Kwenye shuka farasi wakaonekana kama wanatembea ndani ya uji. Mwezi wa tano ikawa vivyo hivyo kwa nyumba inayoungua. Moto ule ulionekana hauna haraka kabisa, na wazima moto wakaonekana wamekuja matembezi.

Bwana Haverkamp akamwita ofisini. Alikuwa mtu mfupi, muuza glavu wa zamani, asiyejua kupandisha sauti, na kwa sababu hiyo watu walimwogopa zaidi.

"Saverio, nimekuajiri uzungushe mpini. Sikukuajiri ushangae."

"Ndiyo, bwana."

"Ikitokea mara ya tatu namweka mtu mwingine. Tumeelewana, mzee?"

"Tumeelewana, bwana."

Alikuwa na miaka arobaini na minane. Kinanda alikwisha kukiuza, kima alikwisha kufa. Hata hivyo njaa haikumtisha. Njaa alikuwa anaijua. Kilichomtisha ni kuondolewa nyuma ya kasha lile. Kila asubuhi alipofunua jicho la kamera alikuwa tena yule mtu wa dukani, aliyelowa mvua na kuduwaa, na hakujua mtu anaishije akishanyang'anywa mshangao wa namna hiyo.

Mwezi wa saba kampuni ikamleta mwigizaji mmoja mtu mzima, Bi Henrietta Lusk. Miaka thelathini alikuwa amesimama jukwaani, akicheza malkia na wake wa majenerali, mpaka madaktari walipompasua koo wakamwachia mnong'ono. Mnong'ono haufiki viti vya nyuma, jukwaa likaagana naye. Akaja kwenye picha, ambako hata mwenye sauti ya radi haimsaidii kitu. Alikuja na utaji mzito usoni, maana watu wa jukwaani waliiona sinema kuwa kazi ya aibu. Saverio alijizuia kucheka kila asubuhi kwenye feri. Nusu ya abiria walikuwa waigizaji waliojifunika nyuso, kila mmoja akimkwepa mwenzake, na wote walishuka Fort Lee.

Picha waliyokuwa wakiitengeneza ilimhusu mama mwenye mwana mmoja. Polisi anamletea koti la mwanawe lililookotwa mtoni. Mama anaomboleza, kisha anakwenda mlangoni kuitazama barabara. Nyumba ya mama huyo ilikuwa jukwaa la mbao katikati ya uwanja, kuta zake vitambaa vilivyopakwa rangi, na juu hakuna dari, ni mashuka tu ya kupunguza ukali wa jua. Upepo ukivuma, ukuta wa jikoni ulipumua. Watazamaji walikuwa wameshazoea nyumba za sinema zenye upepo ndani na hawakuulizia.

Walianza saa tisa alasiri. Jua lilikuwa linakaribia mawingu, na ndani ya kasha zilibaki futi sitini za filamu, yaani dakika moja. Tukio lilipangwa liishe kwa sekunde hamsini.

Mwongozaji alikuwa Leland Pruitt, kijana aliyevaa mabuti ya kupandia farasi ingawa hakuna aliyewahi kumwona juu ya farasi. Alisema na waigizaji kwa pembe ya bati ya kukuzia sauti hata wakiwa hatua sita kutoka kwake.

"Bi Lusk! Ukipewa koti, hatua mbili nyuma, mikono juu, halafu anguka! Nataka yule aliyekaa kiti cha mwisho kabisa ajue umefiwa!"

Bi Lusk aliitikia kwa kichwa. Mpini ukaanza, kasha likaanza kulia tik-tik-tik, na polisi wa kuigiza akaingia na koti.

Bi Lusk hakurudi nyuma. Alilipokea koti kwa mikono miwili, akalitazama. Shingoni kwa koti palikuwa na uzi mweupe. Akauona, akautoa kwa vidole viwili, akauzungusha kwenye kidole chake kama mama yeyote anavyofanya asubuhi mwanawe akiwa mlangoni anataka kuondoka. Kisha akalivisha koti kwenye mgongo wa kiti, akayanyoosha mabega yake, la kulia, la kushoto, likae vizuri kwa mtu atakayekuja kulivaa.

"Mikono!" Pruitt alikuwa akipiga kelele. "Mikono juu, mama! Anguka basi!"

Saverio hakumsikia. Hakusikia nyundo za maseremala, wala mbwa wa jirani, wala wimbo wa Bikira uliokuwa kifuani mwake miaka yote hiyo. Alikuwa ameondoka kwao akiwa na miaka ishirini na miwili, na mama yake alimpangusa begani vumbi ambalo halikuwepo, hakufanya jingine. Hakuwa amelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Sasa alisimama nyuma ya kasha akiwa amejaa kitu ambacho kingekuwa huzuni kama kisingekuwa kizuri mno, na mkono wake ukaenda ulikotaka.

Ghafla mpini ukawa mwepesi. Filamu imekwisha. Saverio akaacha kuzungusha, na kasha likanyamaza. Waigizaji wote wa siku zile walifanya kazi kwa mlio ule. Ukikoma, wanalegea na kuulizia chai. Bi Lusk alikuwa ameanza hatua ya kwanza kuelekea mlangoni. Aliposikia kimya, mabega yakamshuka, akawa mwanamke mwenye nguo za kuazima.

"Imekwisha?" Pruitt alikuja mbio. "Imekwishaje? Sekunde arobaini, Saverio! Nimehesabu mwenyewe! Umezungusha nini, mashine ya aiskrimu?"

Saverio aliutazama mkono wake. Wingu likafunika jua, na kwa siku hiyo kazi ikaishia hapo.

Kesho yake saa sita mchana walikaa katika chumba chenye mapazia meusi kutazama kilichotoka. Haverkamp alikaa mbele, kofia kichwani. Pruitt alikaa karibu naye na karatasi aliyoandika makosa yote ya Saverio tangu mwezi wa nne. Bi Lusk alisimama mlangoni. Saverio alibaki nyuma kabisa, tayari ameshakunja aproni yake ya kazi na kuiweka kwapani, ili asije akalazimika kurudi kuichukua mbele za watu.

Mwanga ukawaka kwenye shuka. Polisi akaingia, mwendo wake wa kawaida, akatoa koti. Bi Lusk akalipokea. Na hapo, bila kishindo, dunia ikapunguza mwendo.

Hakukuwa na aliyewahi kuona kitu kile. Kichwa chake kiliinama kidogo kidogo, na kila kilipoinama uso ulipitiwa na mambo ambayo jana yake hakuna aliyeyaona. Kulikuwa na kutoamini, halafu kujua, halafu kukataa kujua. Yalikuwa yamepita katika muda ambao mtu anafumba jicho. Mkono ukainuka. Ulichukua muda mrefu kufika shingoni kwa koti, na watu wale wanne waliungoja ufike kama wanamngojea mtu wao. Vidole vikaushika uzi. Uzi ukapinda hewani, ukang'aa kwenye jua la jana, ukajilaza kwenye kidole. Bega la koti likanyooshwa. Bega la pili likanyooshwa. Saverio alisikia baridi ikimpanda kuanzia miguuni. Alikuwepo pale, yeye ndiye aliyezungusha, na bado aliona kwamba hakuwa ameona chochote.

Shuka likawa jeupe.

"Irudie," alisema Haverkamp.

Wakairudia. Akaomba tena. Mara ya tatu alivua kofia, akaiweka magotini.

"Nani aliagiza hivi?"

Pruitt alifungua mdomo. Hapa nimpe haki yake, kijana yule alikuwa na kiburi cha kujaza ghala, lakini mwongo hakuwa. "Hakuna aliyeagiza. Mkono wake uliteleza. Na bibi hakufanya hata moja nililomwambia."

"Saverio, uliteleza?"

"Sikuteleza, bwana. Nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Kwamba nazungusha."

Haverkamp alitazama viganja vyake. "Miaka ishirini na miwili," alisema taratibu, "nimekuwa nikiingiza mikono ya watu ndani ya glavu. Mabibi wakubwa, waimbaji, mke wa meya. Nilidhani naijua mikono. Kumbe sijawahi kuona mkono." Alijipangusa uso, akawa tena mwenye kampuni. "Kipande cha mlangoni hakipo. Mtakipiga leo saa tisa, jua likiwa palepale. Kiende mwendo huuhuu. Kikipishana, picha nzima tunairudia kwa mwendo wa kawaida na mtu mwingine, na sisi wawili, mzee, tutaagana."

"Bwana, mimi sijui nilikwenda mwendo gani."

"Basi ujue kabla ya saa tisa."

Saverio alibaki na saa mbili na nusu. Aliweka kasha tupu juu ya miguu yake, akaanza kuutafuta ule mwendo. Alijaribu mizunguko mitatu kwa sekunde, ikawa mitatu, ikawa minne, ikarudi miwili. Mkono uliokwisha kufundwa kwa miaka ishirini na sita haukubali kufundwa upya mchana mmoja. Akaukimbiza wimbo wa Bikira, lakini wimbo ule haukutungwa ukimbizwe. Waumini wanaubeba juu ya mlima wakiwa na sanamu mabegani, na yeye akajiona anawaangusha. Jasho likamlowesha shati.

Maseremala waliacha kazi, wakamzunguka. Hakuna aliyemtaja kima.

"Ngoja nikuhesabie," alisema mmoja, Dougal, mtu mkubwa mwenye masharubu mekundu. Akachukua nyundo akagonga ubao, tatu, tatu, tatu. Aligonga vizuri, kwa moyo wote. Saverio alifuata robo saa nzima, na kila alipoinua macho kutazama mlango wa kuigiza, mpini ulimponyoka.

"Samahani, mzee," alisema Dougal hatimaye. "Mimi najua misumari tu."

"Umenisaidia sana," alisema Saverio, na haikuwa kweli, lakini alikuwa amemshukuru kwa dhati.

Saa nane na nusu akaja Bi Lusk, tayari amevaa nguo za yule mama. Alikaa juu ya sanduku. Saverio alikata kipande cha mkate wake wenye pilipili hoho za kukaanga akampa. Akala polepole, maana koo lilikuwa bado linamsumbua.

"Mama, nisaidie kitu kimoja," alisema Saverio. "Niambie utafanya nini pale mlangoni. Hatua kwa hatua. Nikijua, mkono nitaupangia."

"Sijui," alinong'ona.

"Jana ulijua."

"Jana nilikuwa nataka kurudi nyuma, kama alivyotaka yule bwana mdogo. Nikauona uzi. Wewe unadhani niliuweka mimi? Ulisahauliwa na fundi cherehani."

Saverio alimkodolea macho. "Uzi haukuwa wako?"

"Na mwendo haukuwa wako." Alicheka, cheko lisilo na sauti, mabega tu. "Tumekamatwa wote wawili, Saverio. Wanatudai tulichokiokota."

"Mimi wananifukuza."

"Najua." Alijipangusa makombo. "Mimi nilishafukuzwa, nakuhurumia. Usinihesabie, sawa? Ukinihesabia nitasikia, na mimi nitaanza kuhesabu hatua. Nitazame tu."

Saa tisa jua lilikuwa palepale. Haverkamp alikuja mwenyewe uwanjani na kusimama kando ya kamera. Futi mia moja za filamu ziliingizwa kwenye kasha, na Saverio aliufunga mlango wake kwa vidole vyenye ganzi. Pruitt aliinua pembe yake, akamtazama Bi Lusk, akaishusha tena.

"Anza ukiwa tayari, mama," alisema kwa sauti ya kawaida. Wengi pale walikuwa hawajawahi kuisikia.

Kasha likaanza kulia. Kwa mazoea wimbo wa Bikira ulipanda kifuani mwa Saverio, naye akauacha upite.

Bi Lusk alitoka pale kilipo kiti chenye koti, akaenda mlangoni. Mlango ule ulifunguka kwenye utupu: mbao chache, kisha jabali, kisha mto ukiwa chini sana, na ng'ambo mji mzima wa New York ukiwa na moshi wake. Alisimama. Hakukinga macho kwa mkono kama waigizaji wanavyofanya wakitafuta mtu. Alitazama tu, na ukimtazama yeye uliiona barabara, ukaona ilivyo ndefu na ilivyo tupu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia nyayo ambazo bado hazijafika.

Kisha akasogea. Nusu hatua, kando ya mlango, akabana sketi yake kwa mkono. Alikuwa anampisha mtu aingie.

Saverio alisikia mpini unakuwa mwepesi. Futi mia moja zimekwisha. Kasha lilikuwa linazunguka bure, meno yakitafuna hewa. Alilijua hilo mara moja, kama mtu anavyojua ngazi imekwisha. Jana yake aliacha kuzungusha. Leo aliona mdomo wa Bi Lusk unaanza kufunguka, na akajua kwamba akinyamazisha kasha, huyu mwanamke atasikia, mabega yatashuka, na kilichokuwa kinakuja hakitakuja tena kwa yeyote. Kila mzunguko aliouongeza ulikuwa ushahidi dhidi yake. Akazungusha.

Bi Lusk akaita jina la mwanawe. Hakuna aliyelijua jina hilo, kwa kuwa maandishi ya picha hayakumpa mwana jina, na kooni haukutoka hata mnong'ono. Shingo ilikaza, kifua kilipanda, mdomo ukaliumba jina lote toka mwanzo hadi mwisho, ukalituma barabarani. Dougal, aliyekuwa juu ya ngazi, aligeuka kutazama nani anakuja. Wakageuka na wengine. Pruitt akageuka. Haverkamp akageuka, na alikuwa mtu aliyejua fika kwamba nyuma ya mlango ule kuna jabali. Kwa muda mfupi uwanja mzima ulimngojea kijana ambaye hakuwahi kuwepo, na Saverio anayasema haya hata leo bila aibu: alidhani atatokea.

Hakutokea. Bi Lusk akaufunga mlango kwa uangalifu, bila kuweka komeo.

Ndipo Saverio alipoacha kuzungusha. Nyundo hazikurudi. Mtu mmoja alipenga kamasi.

"Umeipata?" aliuliza Haverkamp. "Saverio, umeipata?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Filamu ingesafishwa kesho, na kesho ni kesho.

"Nimepata mpaka aliposogea kumpisha," alisema Saverio. "Filamu iliishia hapo, bwana. Alipoita, kasha lilikuwa tupu."

Pruitt alikaa chini juu ya mbao, pembe yake ikabingirika.

"Tupu," alisema Haverkamp. "Na muda wote ule ulikuwa unazungusha nini?"

"Ningenyamaza, angesikia. Akisikia, anaacha." Saverio aliufungua mkono wake kutoka kwenye mpini, kidole kimoja kimoja. "Sikutaka aache."

"Kwa hiyo hakuna atakayeiona ile. Kamwe."

"Tumeiona sisi, bwana."

Haverkamp aliwatazama watu waliokuwa uwanjani, mmoja mmoja, kama anayewahesabu. Walikuwa kumi na mmoja. Kisha akautazama mlango wa kitambaa na mbao, akautazama kwa muda mrefu. Saverio alianza kuifungua kamera kutoka kwenye miguu yake, maana kifaa kilikuwa cha kampuni na alitaka kukiacha kisafi.

"Kiache hapo," alisema Haverkamp. "Utakihitaji asubuhi. Picha itaishia pale anapompisha." Hakungoja kuona kama mwendo umelingana na wa jana. Alivaa kofia, akaivua, akaonekana hajui aifanyie nini. "Na Pruitt, kuanzia kesho, huyu mzee akiomba filamu, mpe mara mbili ya aliyoomba."

Aliondoka kuelekea ofisini akitembea polepole. Maseremala wakarudi kwenye misumari yao. Saverio alibaki amesimama, akapangusa jicho la kamera kwa kitambaa ingawa halikuwa na vumbi. Bi Lusk akamjia, amebeba koti la yule mwana kwenye mkono wake.

"Nilisikia," alinong'ona.

"Ulisikia nini, mama?"

"Kasha tupu hulia vingine. Jana nililisikia lilivyobadilika kabla hujaacha kuzungusha. Na leo."

Saverio alimgeukia. "Ulijua hakuna kinachoingia?"

"Nilijua."

"Sasa ulimwita kwa ajili ya nani?"

Alilikunja koti, mabega ndani, kwa uangalifu.

"Wewe ulikuwa bado unatazama," alisema.